Mvua ya Upande wa Pili wa Bahari

Kwa zaidi ya mwaka mmoja kazi yangu ilikuwa kuandika hali ya hewa ya mahali ambapo sijawahi kufika. Nilikuwa nimepanga chumba orofa ya pili mjini Machakos, mtaa wa nyuma ya soko, dirisha likitazama vilima vya Iveti. Kila asubuhi, kabla sijanywa chai, mhariri niliyemjua kwa sauti tu alinitumia tarakimu za visiwa saba vilivyopangana kutoka kaskazini hadi kusini kama nyayo za mtu mmoja, mbali huko mashariki mwa Bahari ya Hindi. Joto la maji. Urefu wa mawimbi. Mvua ya jana. Upepo unatoka wapi. Mpiga mbizi ataona umbali gani akiwa chini ya maji. Mimi nilizigeuza tarakimu hizo kuwa aya mbili za Kiingereza kitamu, kwa ajili ya watalii waliotaka kujua kama leo ni siku ya kuingia majini au ya kukaa hotelini na kitabu.

Bahari nilikuwa nimeiona mara moja, safari ya shule, na ninachokumbuka ni viatu vilivyojaa mchanga. Lakini nilikuwa naandika riwaya wakati huo, na mtu anayeandika riwaya hukubali kazi yoyote ambayo inamruhusu kukaa na maneno. Sikuona ubaya wa kusifu maji ambayo hayajanilowesha. Nilijifunza haraka. Baada ya mwezi mmoja ningeweza kukueleza tofauti ya wimbi linalotoka mbali na wimbi linalosukumwa na upepo wa hapo hapo, na niliweza kuiandika kwa namna ambayo mtu angefunga sanduku lake la safari.

Msomaji wangu wa kweli alikuwa mama yangu.

Yeye anaishi peke yake upande wa Kithyoko, huko chini kuelekea mto, kwenye shamba la matuta manne na mbuzi kumi na mmoja. Alikuwa akinipigia simu baada ya kukamua, wakati ambapo mimi ndiyo kwanza nimemaliza kuandika, na swali lilikuwa moja: "Leo umeandika nini?" Nami nilimgeuzia taarifa yote katika Kikamba. Haikuwa rahisi. Kwa maji yote yale makubwa sisi tuna neno moja tu, ukanga, na baada ya hapo mtu inabidi ajitafutie. Wimbi la mita mbili nilimwambia ni la urefu wa mlango wa jiko lake. Maji machafu baada ya dhoruba nilimwambia ni kama mto Tana mwezi wa nne.

Baada ya muda alivipa visiwa majina. Kile cha kaskazini, ambacho upepo haukomi, alikiita Konza. Cha katikati chenye mahoteli alikiita Machakos. Cha mwisho kusini, kidogo, chenye watu wachache na gati bovu, alikiita Kithyoko yao.

"Kithyoko yao imenyesha?" Hiyo ikawa salamu yetu. Nikisema imenyesha, alicheka kidogo na kusema, "Wamebahatika wale." Nikisema haikunyesha, alisema, "Pole yao," kwa sauti ya mtu anayejua anachosema.

Mwaka ninaousimulia, mvua ya masika haikufika kwetu. Ilinyunyiza vumbi, ikaondoka. Kufikia mwezi wa nane mama hakuwa na mahindi ya kula, ananunua ya sokoni kama kila mtu, lakini mbegu alikuwa nayo. Ilikuwa kwenye kibuyu kilichoning'inia juu ya mafiga, cheusi kwa moshi, mdomo umezibwa kwa gunzi. Ni mahindi mafupi ya kwetu tunayoyaita kinyanya. Alipoolewa alipewa na mama yake, na tangu hapo, kila msimu, mahindi yaliyo bora zaidi hayaliwi, yanarudi kibuyuni. Mbegu za dukani alijaribu mara mbili. Alisema zinarefuka vizuri, halafu zinasimama hapo zikingojea mvua kama wageni wanaongojea chai. Kinyanya haingoji. Ni fupi na ina haraka, inajua haina muda.

Sisi tunapanda kwenye vumbi. Watu wa sehemu zenye mvua wakisikia hivyo hushangaa, lakini kwetu ukingoja udongo ulowe ndipo upande, umechelewa, kwa sababu mvua ni ya wiki chache na kila siku yake ina kazi. Kwa hiyo mbegu hutangulia, inalala kwenye udongo mkavu, inaikuta mvua au inakutwa. Kuna kanuni moja tu, na mama hakuwahi kuivunja: nusu inaingia kwenye vumbi, nusu inabaki kibuyuni. Nusu ya pili hushuka mvua ikishajionyesha. Hivyo, mwaka ukidanganya, mbegu haitoweki.

Kule visiwani mambo yalikuwa kinyume kabisa. Miezi ambayo ingepaswa kuwa ya kiangazi chao ilikuwa inanyesha mfululizo. Kila asubuhi tarakimu zilikuja zimevimba. Maji yalikuwa na joto kuliko kawaida, mawingu yalikuwa hayaondoki, gati la Kithyoko yao lilikuwa likifunikwa na maji kila bamvua. Mhariri alilalamika kwamba wapiga mbizi wanaahirisha safari. Mimi nilikuwa na furaha. Sijui niseme vipi ili nieleweke: nilikuwa nimekaa kwenye mji wenye mabomba makavu, nikiandika mvua kila siku, na polepole nikaanza kuamini kwamba mvua hiyo ni yangu. Bahari ni moja, niliwaza. Imejaa upande ule. Itafurika upande huu.

Nilimwambia mama hivyo. Yeye akawaambia watu sokoni.

Siku moja simu yake ilipoingia, aliyeongea alikuwa mwanamume. Ni mfanyabiashara Msomali anayenunua mbuzi Kithyoko kila siku ya soko, mtu ambaye mama amemuuzia tangu nikiwa shule ya msingi, na ambaye hajawahi kukubali bei yake bila kwanza kushika kichwa.

"Dada," akasema, "ni wewe mwenye bahari?"

"Ni mimi."

"Sasa hiyo mvua yako iko na pasipoti? Maana nimetoka Garissa juzi, hata wingu la kudanganya mtoto sijaona. Ng'ombe wanashuka huku wakiwa mifupa. Nimemwambia mama yako auze mbuzi wanne saa hii wakiwa bado na mafuta. Ananiambia ati binti yake anasoma ukanga."

Nyuma yake nilimsikia mama akicheka. "Mwambie! Mwambie akusomee na wewe."

"Ngoja wiki tatu," nikasema. "Ikinyesha utaniletea soda."

"Ikinyesha nakuletea kreti," akasema, akarudisha simu kwa mwenyewe.

Mama hakuuza mbuzi. Na mwishoni mwa mwezi wa tisa akanipigia simu adhuhuri, saa ambayo si yake, na sauti yake ilikuwa ya chini.

"Jirani analeta maksai na plau Alhamisi," alisema. "Baada ya hapo anawapeleka kwa shemeji yake, hawarudi hivi karibuni. Na hili goti langu, nikifuata plau mara moja, mara ya pili sitaweza. Sasa nakuuliza. Nipande nusu, au yote?"

Nilikuwa na taarifa ya siku hiyo mbele yangu. Ilikuwa mojawapo ya nzuri zaidi nilizowahi kuandika.

"Huko kunaendeleaje?" akauliza.

"Kunanyesha, mwaitu," nikasema, nikimwita mama kwa Kikamba. "Visiwa vyote saba. Maji yana joto hadi watu wanashangaa."

"Na upepo wao? Unatoka wapi?"

Nikatazama safu ya upepo, ambayo kwa kawaida sikuiandika ila kwa maneno mawili. "Magharibi."

"Magharibi ya huko si ni huku kwetu?"

Swali hilo nimelikumbuka mara nyingi kuliko jambo lolote ambalo mtu ameniambia. Mwanamke ambaye hajawahi kuona bahari alikuwa ameweka kidole juu ya tarakimu moja kati ya zote iliyokuwa na habari zetu. Upepo ulikuwa unatutoka. Ulikuwa unaichukua mvua huku na kuipeleka kule.

"Hayo ni mambo ya bahari, mwaitu," nikasema. "Yanazunguka." Kisha, kwa kuwa sentensi ilikuwa imenijia na nilitaka kuisikia ikitamkwa, nikasema: "Bahari imeibeba mvua mgongoni kama mtoto, na imeshaanza kutembea kuja huku."

"Basi," akasema. "Nitapanda yote."

Alhamisi akapanda yote. Alimfuata jirani na plau yake, akipima kwa wayo wake kama kawaida, wayo mmoja mbegu moja, wayo mmoja mbegu moja, matuta yote manne. Jioni aliniambia kibuyu kimekuwa chepesi hadi anaogopa upepo utakivunja. Alikuwa anatania.

Mvua ilinyesha katikati ya mwezi uliofuata, alasiri moja, kwa saa mbili. Alinipigia nikaisikia kwenye mabati yake. Siku ya saba mahindi yakachungulia. "Tuta la chini lote limetoka," alisema, "na mawili yanayofuata. La juu bado, udongo ule mgumu, maji yalipita juu yake tu yakateremka. Lakini litatoka."

Siku hiyohiyo mhariri aliniomba kitu kipya. Wateja wanauliza kwa nini visiwa vinanyeshewa hivi mwaka huu. Niandike makala fupi ya kueleza, maelezo ya wataalamu ameyaambatanisha. Nikayasoma nikiwa na kikombe mkononi. Yalikuwa kurasa tatu, na yalieleza vizuri. Kuna miaka ambayo maji ya mashariki ya bahari hupata joto kuliko ya magharibi. Mawingu hujikusanya pale penye joto. Upepo huelekea huko. Na upande wa pili wa bahari, kwenye pwani ya Afrika na bara lililo nyuma yake, hewa hubaki kavu, na mvua za mwisho wa mwaka hukosekana.

Upande wa pili wa bahari. Nilisoma maneno hayo kama mtu anayesoma barua ya mwingine, kisha akaona anwani ni yake.

Makala niliandika. Niliipeleka kwa wakati, na mhariri aliisifu. Kwa mama sikusema neno.

Nilijiambia kwamba wataalamu hukosea. Nilijiambia kwamba mahindi yameshachipuka, na kumwambia sasa ni kumtesa bure. Nilijiambia mengi, na yote yalikuwa yameandikwa vizuri. Kila asubuhi aliuliza, "Kithyoko yao imenyesha?" nami nikaanza kupunguza. Kulikonyesha usiku kucha nikasema manyunyu. Kulikofurika nikasema kidogo tu. Ni kama kwamba nikiwanyima wale mvua kwa mdomo, kwetu itabaki.

Kwetu hakikuja kitu. Wiki ya pili aliniambia majani yamejikunja. Siku mbili baadaye alisema tuta la chini limekuwa rangi ya mkeka. Hakulalamika. Kisha asubuhi moja hakuuliza habari za visiwa hata kidogo. Akasema, "Wewe uko na kitu. Sauti yako haikai mahali pamoja."

Nikamwambia. Nilimwambia yote, upepo, joto, upande wa pili. Nilimwambia alichouliza siku ile kilikuwa kweli.

"Ulijua lini?"

"Yalipochipuka."

"Siku ngapi?"

"Kumi na moja."

Mbuzi mmoja akalia mahali fulani. Kisha mama akasema, polepole, bila hasira, na afadhali ingekuwa hasira: "Tuta la juu halikuwa limechipuka. Siku kumi na moja zilizopita mbegu ya pale ilikuwa ingali kavu, iko yote. Ningeichimbua."

Nilifika Kithyoko siku iliyofuata. Alikuwa ameshaanza. Nilimkuta amepiga magoti kwenye tuta la juu, lile goti baya likiwa juu ya gunia, akichokora mstari kwa kijiti. Hakunisalimu. Alinielekeza mstari wa pili kwa kidevu.

"Weka wayo," alisema. "Chimba mbele ya kidole gumba. Weka wayo tena."

Wayo wangu ni mrefu kuliko wake. Kwa hatua chache za kwanza niligonga shimo, kisha nikaanza kupotea, nachimba mahali ambapo hakuna kitu. Akaniangalia. "Toka," akasema. Akasimama, akavua kandambili, akautembea mstari wangu yeye mwenyewe, akiweka kisigino mbele ya kidole, mkono mmoja begani kwangu kwa sababu ya goti, nami nikiinama kuchimba pale alipoonyesha. Tulikwenda hivyo mchana wote. Mara nyingi kulikuwa na shimo tupu. Kindi walikuwa wamefukua mstari kwa mstari, nadhifu, kana kwamba na wao walijua kipimo chake. Penginepo kulikuwa na ganda tu na mchwa. Mara moja moja kulikuwa na punje nzima, ya manjano iliyofifia. Aliipuliza vumbi, akaiuma kidogo kwa jino la pembeni kusikia kama bado ni ngumu, akaitia kwenye kikombe.

"Zilikuwepo," alisema mara moja tu, akitazama nyuma kwenye mstari. Hakuwa anasema nami.

Jioni tulizimwaga kwenye ungo. Zilikuwa sitini na nne. Kibuyu kikijaa kilichukua madebe mawili.

Yule mfanyabiashara alipita kesho yake. Mama alikuwa amemwita. Sasa aliuza mbuzi sita, nao hawakuwa na mafuta tena, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu sikumwona mtu huyo akishika kichwa. Alipokwisha kuwafunga, akatoa chupa ya soda kwenye mfuko wa kanzu, akaiweka juu ya jiwe karibu nami.

"Ilinyesha saa mbili," akasema. "Kreti ni ya msimu mzima."

Mama akacheka, na kicheko hicho kilinifanya niingie jikoni, nikasimama chini ya kibuyu hadi waliponyamaza.

Nyuma ya jiko kuna kipande cha ardhi cha ukubwa wa kitanda. Mama alikilima kwa jembe, akachanganya samadi, akachukua ule ungo. Nilidhani atapanda zote sitini na nne. Akahesabu thelathini na mbili, na zilizobaki akazirudisha kibuyuni, akaziba kwa gunzi. Hakuniangalia alipokuwa akifanya hivyo, na wala hakukuwa na haja.

Kipande hicho kilinyweshwa maji ya kuoshea vyombo, maji ya kunawia, maji yaliyopoa ya kuchemshia maharagwe. Nilibaki naye wiki nne, nikiandika visiwa vyangu nikiwa nimekaa juu ya debe kwenye tuta la juu, ndipo mtandao unaposhika. Niliandika kwa maneno machache sasa. Mhariri aliuliza kama ninaumwa. Ilichipuka miche kumi na tisa. Kuku walikula miwili kabla hatujaweka miiba. Ilipofika wakati wa kubeba, iliyobeba ilikuwa minane, na mahindi yaliyojaa hadi ncha yalikuwa matano.

Nilirudi siku ya kuyapukuchua. Shamba lote lilikuwa jeupe. Mabua ya tuta la chini yalikuwa yameliwa na mbuzi watano waliobaki, hadi chini. Mama aliketi kwenye kigoda mlangoni pa jiko, hindi mkononi, akitoa punje kwa kidole gumba, safu kwa safu, huku ungo ukiwa magotini. Mimi nilikuwa nimetoka kule juu kutuma taarifa. Tangu siku ile ya simu hakuwa ameuliza.

"Kithyoko yao imenyesha?" akasema, macho kwenye hindi.

Nilifikiri kusema kidogo.

"Imenyesha usiku wote, mwaitu. Barabara yao imekatika."

Akaitikia kwa kichwa. Akamaliza safu moja, akaanza nyingine.

"Na upepo?"

"Bado unatoka magharibi."

Akainua uso, akatazama juu ya jiko, juu ya miiba na kile kitanda cha udongo mkavu, kule upepo unakotokea. Hapakuwa na wingu. Jani moja kavu la mhindi lilitingishika, likaegemea mashariki.

"Basi ndio huo unapita," akasema, akaufunika ungo kwa mkono ili punje zisipeperuke.